Muhula wa Mwisho ni wa Nani?

Kwa miaka mingi nimekuwa na swali moja moyoni ambalo sijapata kulijibu nikatosheka. Kwa maneno ni swali jepesi: mwalimu aliyepewa wanafunzi arobaini na watatu, naye anajua kwamba wawili au watatu tu ndio watakaoendelea na masomo, anamfundisha nani? Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu, nao wakanijibu upesi kwamba anawafundisha wote. Ni jibu zuri, na mimi mwenyewe nililiandika katika mtihani wa chuo cha ualimu nikapewa alama zake. Lakini katika muhula wa pili wa mwaka 1986 sikulitenda, na nathubutu kusema kwamba wengi walionijibu hivyo hawakulitenda pia.

Nilikuwa nafundisha hisabati Darasa la Saba katika shule moja ya kijiji upande wa Njombe. Aijuaye nchi ile hana haja ya kuelezwa baridi ya mwezi wa Julai. Ukungu hukaa mabondeni hadi jua lipande sana, watoto huingia darasani wamejikunyata na mikono wameificha kwapani, na mwalimu hushika chaki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Walimu tulikuwa sita. Wawili tulikuwa tumefika kidato cha nne. Wengine walikuwa walimu wa UPE, yaani vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu vijijini, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuagiza kwamba watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1977. Sisemi haya kwa kuwadharau. Mmoja wao alikuwa mwalimu bora kuliko mimi, na aliwajua watoto wa darasa la kwanza kwa namna ambayo chuo changu hakikunifundisha.

Watoto basi waliingia kwa wingi, lakini mlango wa kutokea haukupanuliwa. Katikati ya miaka ya themanini, waliopata nafasi ya sekondari nchini Tanzania hawakufika mmoja katika kila kumi waliomaliza darasa la saba, hata ukijumlisha shule za serikali na zile za watu binafsi. Nafasi za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya. Kwa hiyo mtoto aliyekaa kufanya karatasi zake tatu, Lugha, Hisabati na Maarifa, hakuwa anashindana na maswali tu. Alikuwa anashindana na watoto wenzake wa wilaya ile, ambao hajapata kuwaona, wakigombea viti vilivyokwisha kuhesabiwa. Na hapo lugha yetu ya shuleni ilituzoesha uongo mdogo. Aliyechaguliwa tulisema amefaulu. Asiyechaguliwa tulisema amefeli, hata kama alijibu vizuri na kilichokosekana kilikuwa kiti. Mtoto wa miaka kumi na minne akaambiwa amefeli, naye akaamini, na mama yake akaamini.

Shule yetu ilikuwa imekaa miaka mitatu bila kumpeleka mtoto hata mmoja kidato cha kwanza. Muhula ulipofunguliwa mwalimu mkuu alituita ofisini, akafunga mlango, akasema kwamba mwaka ule jambo hilo lisirudiwe. Wazazi walikuwa wameanza kunung'unika. Wengine waliwaachisha watoto wakiwa darasa la tano wakachunge ng'ombe, kwa hoja ambayo haikuwa ya kijinga: kama mwisho wa yote ni jembe, mtoto na alianze mapema. Tukakubaliana kuwapanga wanafunzi. Kwa majaribio ya muhula wa kwanza tulichagua kumi na wawili, tukawaita wenye matumaini, tukawakalisha safu ya mbele. Hao wangefundishwa mchana kutwa na tena jioni, kwa taa ya karabai. Thelathini na mmoja waliobaki wangehudhuria vipindi vya asubuhi, kisha wangekwenda kufyatua matofali ya nyumba ya mwalimu. Ilikuwa kiangazi, majira ya matofali, na kazi hiyo tayari ilikuwa na jina la heshima katika ratiba: Elimu ya Kujitegemea.

Mimi niliunga mkono. Sikulazimishwa na mtu, na mwalimu mkuu hakuwa dhalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilitaka sifa, na moyoni nilikuwa na mfano ulioniridhisha: mkulima mwenye debe moja la maji wakati wa ukame hamwagilii shamba zima, humwagilia miche inayoonyesha dalili ya kushika.

Wiki ya kwanza vipindi vya asubuhi vilifundishwa. Wiki ya pili tope lilikuwa limeshakanyagwa na lingekauka, kwa hiyo kazi ilianza saa tatu. Kufikia wiki ya nne wale thelathini na mmoja walikuwa wanaitwa majina asubuhi na kupewa kalibu na ndoo. Hakuna aliyetoa amri kwamba wasifundishwe. Jambo lilijitelezea lenyewe, kama yanavyojitelezea mambo ambayo hakuna anayetaka kuyatolea amri.

Sasa nieleze lililonifanya niandike kurasa hizi. Jioni moja, karabai imekwisha kuwashwa, nilikuwa nawafundisha wale kumi na wawili asilimia. Mvulana mmoja wa kundi la matofali akaja akasimama mlangoni. Miguu yake ilikuwa na tope lililokauka mpaka magotini. Akaniamkia, nikamwitikia. Akaniuliza, "Mwalimu, asilimia tutafundishwa lini?" Nilimwuliza anaitakia nini. Akasema baba yake anauza pareto, na kila akirudi kutoka kupimisha huleta karatasi yenye makato, na hakuna nyumbani ajuaye kama makato yale ni ya haki. Alikuwa na karatasi yenyewe, ameikunja ndani ya daftari.

Nilimjibu kwamba asilimia tunaimaliza leo, na kwamba arudi alikotoka, wenzake wanamngojea. Sikumkaripia. Nilisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaoniudhi nikikumbuka. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaondoka. Nikageukia ubao nikaendelea na swali lililotoka katika mtihani wa zamani, la mfanyabiashara aliyeuza baiskeli kwa faida ya asilimia ishirini. Hakuna aliyekuwa ndani ya chumba kile ambaye baba yake aliuza baiskeli.

Nimekwisha kusema kwamba nilikuwa na mfano wa miche. Kwa miaka kadhaa nilidhani kosa langu lilikuwa kwamba binadamu si mche. Ni kweli, lakini ni hoja ya juu juu. Daktari naye ana vidonge vichache na wagonjwa wengi, na huchagua, nasi hatumwiti mkatili. Kuchagua kwenyewe si dhambi palipo na uhaba, na uhaba hatukuuleta sisi. Nikajaribu hoja ya pili: kwamba tulipendelea. Lakini hatukupendelea. Katika wale kumi na wawili mlikuwamo mtoto wa mjane na mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, na watoto wawili wa walimu wenzetu walikuwa kwenye matofali. Tuliwachagua kwa alama, na alama tulizisahihisha kwa haki.

Halafu ipo hesabu nyingine iliyonichukua muda kuiona, ingawa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa hesabu. Ikiwa viti vya wilaya vimekwisha kuhesabiwa, basi jasho langu lote la jioni halikuongeza kiti hata kimoja. Lilichoweza kufanya ni kukiondoa kiti katika kijiji cha jirani na kukileta kwetu. Na kule kwa jirani nako paliwaka karabai, na mwalimu kama mimi alikuwa anajaribu kukirudisha. Wilaya nzima, walimu tulikuwa tunavutana kamba usiku huku watoto wetu wengi wakikanyaga tope mchana, na mwisho wa mwaka idadi ya waliokwenda sekondari ilikuwa ile ile. Lakini hoja hii nayo isinisaidie kupita kiasi. Kwa mtoto wa mjane, kiti kilikuwa kiti. Hangeweza kula takwimu za wilaya.

Nilipopata kuliona kosa lenyewe nilikuwa nimekwisha kuacha kufundisha darasa la saba. Lilikuwa katika muda. Muhula ule ulikuwa na wiki kumi za kufundisha. Kwa mtoto ambaye angekwenda sekondari, wiki kumi zile zilikuwa tone katika pipa, kwani alikuwa na miaka minne mbele yake, au sita, au zaidi, na lolote nililoliruka angelikuta tena. Kwa wale thelathini na mmoja zilikuwa wiki kumi za mwisho za darasa katika maisha yao. Baada yake hapakuwa na ubao, wala mtu aliyelipwa na serikali kuketi na kuwaeleza jambo wasilolijua mpaka walielewe. Tukauchukua muhula wa mwisho tukawapa wale ambao kwao haukuwa wa mwisho. Kama debe lile la maji lilikuwa na mwenyewe, nadhani mwenyewe alikuwa yule aliyesimama mlangoni na karatasi ya baba yake.

Na hata mafuta ya taa! Karabai ile iliwashwa kwa mchango wa kila kaya yenye mtoto darasa la saba. Wazazi thelathini na mmoja walilipia mwanga ambao watoto wao waliuona kwa nje. Mwaka ule mafuta ya taa yalikuwa adimu, watu walipanga foleni kwenye duka la kijiji na chupa mikononi, na sikumsikia hata mmoja akilalamika. Walitoa wakijua kwamba wanatoa kwa ajili ya shule.

Mtu atasema kwamba hata matofali ni elimu. Nimelipima hili kwa uaminifu. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, alisisitiza kwamba elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe na isiwe matayarisho tu ya sekondari, maana wengi wa watoto wangeishia hapo. Alitaka kila shule iwe na shamba au kazi ya kuzalisha, na wanafunzi washiriki kupanga, kuhesabu mapato na kujifunza kwa kutenda. Ukikisoma leo utaona kwamba kijitabu kile kilikuwa kinawatetea wale thelathini na mmoja. Sisi tulikichukua jina tukalibandika juu ya kazi ya kuwaondoa darasani. Kama ingekuwa elimu ya kujitegemea kweli, wote arobaini na watatu wangekanyaga tope, na jioni wote wangehesabu: matofali mangapi kwa siku, mangapi yamepasuka, hasara ni asilimia ngapi. Asilimia ilikuwa pale pale ndani ya tanuri, na hakuna mwalimu aliyekwenda kuionyesha. Tulikwenda kuhesabu matofali kwa ajili ya taarifa.

Wala nisidai kwamba wale waliokuwa ndani walipata elimu. Nakumbuka msichana mmoja wa safu ya mbele, ambaye ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote, akiniuliza kwa nini tukigawanya sehemu kwa sehemu tunaigeuza ile ya pili na kuzidisha. Nilijua sababu. Ingechukua nusu saa na machungwa mawili kuionyesha. Nikamwambia, "Ndivyo inavyofanywa, shika hivyo hivyo." Akashika hivyo hivyo. Alichaguliwa, yeye na mvulana mmoja. Mvulana alirudi baada ya kidato cha pili. Kiingereza kilimshinda, nasi tulikuwa tumemfundisha kukisia majibu ya Kiingereza bila kukijua. Msichana akawa muuguzi. Kijiji kilicheza ngoma siku majina yalipokuja, mwalimu mkuu akapewa jogoo, na mimi nikapongezwa na afisa elimu kwa kushikwa mkono.

Mwaka 1999 nilikuwa kituo cha mabasi cha Makambako nangoja usafiri wa kwenda Iringa. Mtu mmoja akanijia na kuniamkia kama mwanafunzi, ingawa alikuwa na ndevu. "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa yule wa karatasi ya pareto. Alikuwa anauza viazi. Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie tukanywa chai, naye akakataa katakata nisilipe. Nikaona afadhali niseme, nikamwuliza kama anaikumbuka jioni ile. Akacheka. Akasema anaikumbuka, na kwamba asilimia alikuja kufundishwa na mchuuzi mmoja wa Kikinga sokoni kwa muda wa siku mbili. Kisha akanionyesha magunia yake. Wenyewe wa biashara ile wanajua lumbesa ni nini: gunia hujazwa, likashonewa kichwa cha nyavu juu yake, likajazwa tena, na mnunuzi hulihesabu kuwa gunia moja. "Naijua hesabu yote, mwalimu," akaniambia. "Najua wanachukua kiasi gani. Lakini nikikataa, lori linajaa kwa mwingine."

Nilitamani kupumzika hapo. Ikiwa hata akijua asilimia angeibiwa tu, basi nilimnyima nini? Lakini akaongeza neno ambalo sikulitarajia. Alisema yeye suala la asilimia lilimpita. Lililomkaa ni kwamba kila jioni mama yake alimwuliza mbona daftari lake halina maandishi mapya, naye akawa anamdanganya kwamba wanarudia ya zamani. Alimdanganya mama yake wiki saba. Hakulisema kwa kunilaumu; alikuwa anakoroga chai. Basi langu likaja akanibebea mfuko.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, shule za sekondari za kata zikajengwa nchi nzima katika muongo ule, na tangu mwaka 2016 elimu bila ada imefika kidato cha nne. Watoto wa kijiji kile sasa wanaendelea kwa wingi ambao mwaka 1986 tungeuita ndoto. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 imeelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita, kwa hiyo hata jina la Darasa la Saba litakuja kuwa la kuelezwa kwa wajukuu. Nafurahi. Hata hivyo safu ya mbele haijafutwa, imehamishwa tu, na mara nyingi siku hizi anayeipanga si mwalimu mwenye alama mkononi, ni mzazi mwenye pesa ya tuisheni. Sina uhakika kama hilo ni afadhali.

Kuna jambo moja sijalisema, na bila hilo nitakuwa nimejipamba. Mwaka 1987 nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba tusiwagawe wanafunzi. Wakati ule sikuwa na hoja hii ya muda. Nilikuwa na dhamiri iliyosumbuka tu. Alinisikiliza. Alikuwa mtu mwenye haki, akakubali tujaribu: vipindi vyote kwa wote mpaka saa nane, matofali kwa wote baada ya hapo, na jioni aje anayetaka. Nilifundisha muhula ule kuliko nilivyopata kufundisha. Nilileta stakabadhi za pareto darasani. Niligawa machungwa. Wapo watoto walioelewa mambo ambayo hawakuwa na sababu ya kuyaelewa kwa ajili ya mtihani wowote, na nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nimechoka, nimeridhika.

Majina yalipokuja, hakuchaguliwa hata mmoja.

Siku ya kikao cha wazazi alisimama baba mmoja, mtu mzima, kofia ameishika mkononi. Binti yake alikuwa wa kwanza darasani mwaka mzima. Angekaa safu ya mbele mwaka uliotangulia, hapana shaka, na sina budi kukubali kwamba pengine angepata kiti. Akasema, "Mwalimu, mwaka jana mlitupa wawili. Mwaka huu hakuna. Watoto ni wale wale, walimu ni wale wale. Sisi hatukusoma, tueleze, kimebadilika nini?"

Mwalimu mkuu alinitazama mimi. Nikasimama nikaanza kueleza kwamba mwaka huu tuliwafundisha watoto wote. Yule baba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama walivyo watu wa kule. Kisha akauliza, kwa adabu ile ile, binti yake nimwambieje.